Sinia Lisilo na Maziwa

Walimwita Bi Kwanini tangu alipokuwa na meno ya utotoni, na jina hilo hakusingiziwa. Akiwa mtoto alimuuliza muuza mkaa kwanini mkaa ni mweusi na majivu yake ni meupe. Alipoolewa alimuuliza mumewe, fundi saa, kwanini mshale huenda kulia na si kushoto. Fundi saa aliweka bisibisi chini, akamtazama, akasema, "Mke wangu, hilo hata aliyeibuni saa hakuulizwa." Sasa alikuwa mama mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na maswali bado hayajamwisha.

Kazi yake ilikuwa vionjo. Ukiwa na hafla ya ofisi, mahafali au kikao cha watu wa heshima, unamwendea yeye, naye anakuletea masinia ya vitu vidogo vya kutupia mdomoni kabla ya chakula chenyewe. Kila kimoja kilikuwa tonge moja, na hakikuchafui mkono wala tai. Sifa yake kubwa ilikuwa ulaini, na ulaini huo ulitoka kwenye maziwa. Kulikuwa na siagi, kulikuwa na jibini, kulikuwa na krimu aliyoipiga mpaka ikasimama yenyewe. Hata samaki hakwenda motoni kabla hajalala kidogo katika bakuli la maziwa ili shombo limtoke, maana ndivyo alivyofunzwa na mpishi wa hoteli aliyempa ujuzi. Maziwa yale baadaye humwagwa, kwa hiyo jikoni kwake hayakuitwa hata kiungo. Ilikuwa ni kuosha tu.

Mabosi walikula na wafagiaji walikula. Walikula mabibi harusi waliokuwa wameapa kutokula chochote mpaka gauni livuliwe. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa hagusi masinia ya Bi Kwanini, na kwa bahati mbaya mtu huyo alikuwa wifi yake.

Huyu wifi alikuwa dada mkubwa wa fundi saa, naye alikuwa fundi cherehani, mrefu, mkimya, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Alikuja kuwatembelea mara kwa mara, hilo hawezi kunyimwa. Alikaa, akacheka, akauliza hali za watu. Sinia lilipoletwa tu, aliweka kiganja juu ya tumbo na kusema maneno yale yale: "Nimeshiba, wifi. Nimetoka kula sasa hivi." Aliyasema hata siku aliyofika alfajiri kutoka safari, midomo imemkauka. Kisha saa moja baadaye Bi Kwanini angemkuta uani, amegeukia ukuta, anamenya ndizi aliyoitoa mkobani.

Iliuma, tusidanganyane. Mpishi unaweza kumtukana mama yake akakusamehe, lakini ukikataa chakula chake umemkata mzizi. Na jambo la ajabu ni kwamba Bi Kwanini, aliyeuliza hata habari za mishale ya saa, swali hili moja hakuwahi kuliuliza. Aliogopa kwamba jibu analijua. Majirani nao walimsaidia kulijua. "Wifi ni wifi tu," walisema. "Anakuona hukutosha kwa kaka yake." Basi akalimeza na kulikalia, miaka ikapita juu yake, mtoto wao wa pekee akazaliwa, akakua, akaenda kuanza maisha ya mbali.

Halafu magoti ya wifi yakagoma. Alikuwa amepanga ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Ngazi zilimshinda. Fundi saa akamwambia mkewe, kwa ile sauti ya mwanamume anayeomba huku akijifanya anatoa taarifa, kwamba chumba cha nyuma kiko wazi, kinawekwa masinia tu, na dada ni dada.

"Mimi sina neno," alisema Bi Kwanini. "Lakini mtu asiyekula chakula cha nyumba ataishije ndani ya nyumba? Atamenya ndizi uani mpaka lini?"

Fundi saa akampigia dada yake. Wifi mwenyewe aliposikia habari ya chumba alisema, "Nitakuja Jumapili nikaone." Wote watatu walijua kwamba hilo lilikuwa karibu sana na hapana. Mara hii Bi Kwanini aligundua jambo lililomshangaza mwenyewe: hakutaka iwe hapana. Nyumba ilikuwa imekuwa kimya mno. Alitaka mtu wa kuzungumza naye asiyekuwa na saa iliyofunguliwa mapajani.

Katikati ya wiki akaenda kwenye kibanda cha wifi kuchukua vitambaa vya kutandikia masinia. Wifi ndiye aliyempindia vitambaa vyake vyote, miaka yote, bure, kwa uzi wa kijani kwa sababu alijua Bi Kwanini anapenda kijani. Hilo nalo lilikuwa likimtatiza. Mtu anayekudharau anakupindia vitambaa pembe nne zote, tena kwa uzi uupendao?

Alifika mchana. Kabla ya kubisha akaona kupitia kioo, akasimama pale pale. Wifi alikuwa anakula. Si kula kwa kudonoa, la, alikuwa anakula hasa. Alikuwa na samaki wa kuchoma kwenye sahani, nyanya na matango yaliyokamuliwa ndimu, na alikuwa akinyonya mfupa mmoja mmoja huku amefumba macho.

"Mama, mbona umesimama hapo kama askari? Ingia," alisema muuza vifungo, mama wa kibanda cha jirani.

"Yule anakula?" aliuliza Bi Kwanini kwa sauti ya chini.

"Swali gani hilo? Huyo akimaliza samaki, paka anaondoka analia. Mboga mbichi ndiyo usiseme. Adui yake ni maziwa tu. Akionja kidogo, kesho hatumwoni kazini, tumbo linamfanya asitoke chooni."

"Maziwa tu?"

"Na ukoo wake wote. Siagi, jibini, mtindi. Hata chai ni ya rangi mwaka mzima. Kwani nyinyi si ndugu? Hukujua?"

Bi Kwanini alisema alijua, alisahau tu. Akaingia, akasalimia, akachukua vitambaa, akatoka. Njia nzima alikuwa akiyapitisha masinia yake mbele ya macho, sinia baada ya sinia, akitafuta angalau moja ambalo wifi angeweza kula bila kuugua. Hakulipata. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwekea mgeni wake mbele yake chakula kisichoweza kumwingia, kisha anamnunia kwa kutokula. Lakini hapo swali jipya likachomoza, kubwa kuliko la kwanza. Neno lenyewe lilikuwa dogo: maziwa yananidhuru. Kwanini wifi hakulisema?

Angeweza kurudi na kumuuliza. Akaona hapana, atamuuliza kwa sinia.

Kesho yake akafungia simu kwenye kabati na kuanza kazi. Alitaka ulaini bila maziwa, na bila unga unaolemea tumbo, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria kwa sababu hakuna aliyemlipa alifikirie. Alianza na korosho, akaziloweka, akazisaga. Zikatoka laini kweli, lakini nzito, ukila moja unataka kulala. Akajaribu parachichi. Lilikuwa tamu na la kupendeza kwa dakika chache, kisha likaanza kusawijika kama mtu aliyepokea habari mbaya. Fundi saa, aliyekuwa anaonjeshwa kila kitu, alishika tumbo akasema, "Mke wangu, mimi nilioa mpishi, sikuoa maabara."

"Onja na hii."

"Kwanini mimi?"

"Jina langu usiniibie. Onja."

Ufumbuzi ulitoka kwenye bilinganya, na ulitoka kwa bahati. Alikuwa amelichoma juu ya moto mpaka ganda likaungua, akalimenya, akalikamua maji yake machungu, akalisaga na kitunguu saumu kidogo na ndimu. Lilikuwa la kijivu, halitamaniki. Akawa anamimina mafuta huku amesahau mkono, anatazama dirishani, mafuta yakashuka kidogo kidogo kama uzi. Alipogeuka, bakulini hakukuwa na kijivu tena. Kulikuwa na kitu cheupe-cheupe, kimeumuka, chepesi, kinashika kijiko bila kung'ang'ania. Akakodoa macho, akavaa miwani. Akalifanya tena kwa bilinganya la pili, akimimina mafuta yote kwa mkupuo, likakataa. Akalifanya la tatu kwa uzi mwembamba, likakubali. Alifurahi peke yake jikoni, akapiga meza kwa kiganja. Kwanini ilikuwa hivyo hakujua, na kutojua huko kulimnogea.

Kuanzia hapo mambo yakaenda yenyewe. Matango aliyakata vipande vinene, akayachimba katikati kwa kijiko cha chai yakawa vikombe, akayanyunyizia chumvi na kuyapindua juu ya kitambaa yatoke maji. Karoti alizichana kwa kisu cha kumenyea zikawa mikanda mirefu, akaiacha kwenye maji baridi mpaka ikajikunja. Nyanya zilikuwa ndogo za kutosha kuingia mdomoni nzima. Ndani ya vikombe ingeingia krimu ya bilinganya, juu yake samaki aliyechambuliwa, jani la giligilani, na tone la ndimu.

Asubuhi ya Jumapili samaki alifika mbichi kabisa, minofu mizuri isiyo na mwiba. Bi Kwanini aliamka na wasiwasi, kichwa chake chote kiko kwenye mafuta na uzi wake, hataki yamwagike. Mdomo wake ulikuwa ukikariri: polepole, polepole. Mikono yake, kwa upande wake, iliendelea na kazi zake ilizozizoea. Saa sita sinia lilikuwa tayari juu ya kitambaa chenye uzi wa kijani, naye wifi alikuwa anapanda kibaraza kwa mkongojo mpya, futi yake shingoni.

Alionyeshwa chumba. Akapima dirisha kwa macho, akabonyeza godoro, akasema ni kizuri, kina mwanga wa kushonea. Akasema hivyo kama mtu anayesifu nyumba ya kwenye picha. Wakakaa sebuleni. Sinia likaja. Wifi akaliona, na mkono wake tayari ulikuwa njiani kuelekea tumboni.

"Wifi," alisema Bi Kwanini kabla kiganja hakijafika, "humu hamna siagi. Hamna jibini, hamna krimu, hamna mtindi. Huo weupe unaouona ni bilinganya."

Mkono ukasimama hewani.

"Bilinganya?"

"Bilinganya, ndimu na mafuta."

"Nani alikwambia?"

"Kula kwanza. Tutaulizana baadaye."

Sijui kama umewahi kuona mtu mzima akiogopa tango. Wifi aliinama, akanusa. Akageuza kikombe kimoja akakiangalia chini, kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine. Tango likainuka.

Fundi saa akatokea mlangoni mwa jikoni ameshika kikombe chake cha chai. "Hivi," alisema, "maziwa yangu yaliyokuwa kwenye friji yamekwenda wapi? Pakiti iko kwenye ndoo ya taka, na mimi sijanywa hata tone."

Bi Kwanini aliona bakuli. Aliona minofu imelala ndani yake asubuhi ile, na mikono yake mwenyewe ikimimina. Aliona weupe ukienda na maji ya sinki. Ni kuosha tu. Mazoea yana taabu.

Maziwa yenyewe yalishamwagwa. Yaliyobaki ndani ya samaki hayajazi hata kifuniko cha chupa, na pengine wifi asingehisi kitu. Akinyamaza, wifi atakula leo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo. Akisema, itakuwaje? Umemwambia mtu kwa kinywa chako kwamba hamna maziwa, kisha unamwambia yamo. Hata mtoto angeuliza ulikuwa na nia gani. Tango lilikuwa limefika kwenye mdomo wa wifi.

"Usile!" alipiga kelele. Akaruka, akalipokonya, krimu ikamwagikia futi ya kupimia. "Usile, wifi. Samaki nimemloweka kwenye maziwa. Wallahi sikukusudia. Mikono imezoea, mimi nilikuwa nawaza bilinganya. Nimekuambia hamna, na yamo. Nisamehe. Nilitaka ule. Nilitaka siku moja tu ule kwangu."

Akaanza kulia, tango bado mkononi. Fundi saa alibaki mlangoni na kikombe chake kikavu, hajui kosa lake liko wapi.

Wifi hakukasirika. Alifuta krimu kwenye futi kwa kidole, polepole, kuanzia namba moja hadi nyingine.

"Keti, wifi," alisema. "Unakumbuka chakula cha kwanza ulichonipikia?"

Bi Kwanini alikikumbuka. Alikuwa bibi harusi mbichi, na alitaka kumwonyesha wifi kwamba amesomea. Kila kitu kilikuwa kimezama kwenye krimu.

"Nilikula sahani mbili. Sikuwa najua. Kwetu maziwa yalikuwa ya mgonjwa, mzima humwoni anayanywa. Nilipofika nyumbani, nikasema leo nakufa. Nililala sakafuni siku ile yote. Na mama alikuwa yupo, unamjua mama alivyokuwa. Aliniuliza, umekula nini, na umekula wapi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nimekula maandazi ya njiani." Wifi akacheka kidogo bila furaha. "Ningetaja jina lako ungekuwa kwenu kabla jua halijazama. Bibi harusi mgeni, chakula chake cha kwanza, na wifi anagaragara sakafuni? Nani angezungumza habari za maziwa pale? Wangesema umenitilia kitu. Na kaka yangu huyu alikuwa anacheka peke yake njiani kwa ajili yako. Nikasema, heri nijikwae kidole kuliko ulimi."

Fundi saa akaketi chini, palepale kizingitini.

"Lakini baadaye," alisema Bi Kwanini. "Baadaye kwanini hukuniambia?"

Wifi aliangalia mkongojo wake. Hili lilikuwa gumu zaidi, ilionekana. "Kwa sababu na mimi nilidhani hivyo hivyo. Nilimficha mama, lakini moyoni niliamini umenitilia kitu. Zaidi ya mwaka niliamini hivyo. Nikija hapa nakuogopa, nakula ndizi zangu. Mpaka daktari akaniambia, mama wewe tumbo lako halielewani na maziwa, basi. Nilirudi nyumbani nikaona aibu. Ningekwambiaje? Wifi, samahani, nilidhani wewe ni mchawi? Kwa hiyo nikawa nakupindia vitambaa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini mshindo wa siku ile ulikuja kwa namna ya kicheko. Kilianza kwa Bi Kwanini, kikiwa bado kimechanganyika na machozi. "Mchawi!" alisema. "Mimi! Mchawi gani anayepoteza maziwa yote hayo?" Wifi akaanza kutikisika mabega, futi ikaruka shingoni. Walicheka mpaka fundi saa akauliza kama sasa kuna mtu anaweza kumweleza habari ya maziwa yake ya chai, wakaanza upya.

Walipotulia, wifi alipangusa macho, akalitazama sinia kwa uchungu wa mtu mwenye njaa ya kweli.

"Samaki wote ni hawa?"

"Kuna kipande kwenye barafu. Hakijagusa kitu."

"Na matango?"

"Vikombe vingine vimebaki jikoni. Na krimu ipo."

"Nipe mkono niinuke, basi. Leta na kisu. Mimi samaki huwa namsugua kwa ndimu na tangawizi, shombo lote linakimbia. Hukuwahi kuniuliza."

Wakaenda jikoni. Wifi aliwekewa kiti kando ya meza, akasugua samaki kwa vidole vile virefu vya kushika sindano, na Bi Kwanini akasimama juu yake akiuliza kwanini tangawizi kabla ya ndimu na si baada. Samaki akachomwa haraka, akachambuliwa angali moto. Wifi hakungoja sinia wala kitambaa. Alichukua kikombe cha tango kutoka kwenye ubao, akakijaza mwenyewe, akakitia mdomoni kizima, akafumba macho kama siku ile ya kioo. Kikalia kra chini ya meno. Akachukua cha pili. Akachukua mkanda wa karoti, akauzungusha kwenye samaki. Akachukua nyanya. Fundi saa alijipenyeza akanyoosha mkono, dada yake akamchapa kiganjani.

"Na hii krimu ya bilinganya," alisema wifi mdomo umejaa, "imekuwaje nyeupe hivi?"

"Hata mimi sijui. Tutaichunguza pamoja, ukihamia."

Wifi alivuta ubao karibu zaidi. Vikombe vilipungua mpaka vikaisha, akabaki akifuta bakuli la krimu kwa kipande cha tango. Bi Kwanini alikuwa ameegemea sinki, mikono kifuani, akisubiri yale maneno yaliyofuata kila ziara kwa miaka yote ile, kwa sababu mazoea yana taabu.

Wifi alilaza kiganja juu ya tumbo.

"Sijashiba, wifi," alisema.